Yangeyange Weusi

Kila jioni, kengele ya kwenda nyumbani ikilia, Mwanvita alikimbilia nyuma ya madarasa na simu ya klabu ya mazingira. Juu ya mkuyu wa shule yao huko Bigwa, yangeyange, wale ndege weupe, walikuwa wamejenga viota. Ng'ambo ya mti malori ya kokoto yalipita, vumbi likatanda, na jua la jioni likamchoma machoni. Alipiga picha hivyo hivyo.

Hakuwa akicheza. Kamati ya wazazi ilitaka kuukata mkuyu Jumamosi, kwa sababu ndege wanachafua tangi la maji lililo chini yake. Mwanvita alisema viotani mna makinda. "Tuonyeshe," wakamwambia.

Jumatano alipeleka picha zake. Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati, aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Yangeyange gani weusi? Kunguru hawa! Mti ukatwe."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwanvita alichemka kwa hasira, akatamani hata ile shikamoo aliyowapa aichukue arudi nayo.

Nje alimkuta Nasibu, wa darasa lake. "Vipi, mpiga picha wa kunguru?"

"Nyamaza wewe! Jua lenyewe baya, vumbi baya, na simu yenyewe mbovu!"

Mwalimu Felista, mlezi wa klabu, alikuwa anapita. Naye akakasirika.

"Simu mbovu? Mbona mchana uliwapiga picha wenzako, meno yao yote yakaonekana? Jua likiwa nyuma ya ndege, picha inatoka nyeusi, na vumbi linazidi kuharibu. Niliwaambia nini? Njooni asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu na malori hayajaanza."

"Asubuhi kuna baridi, mwalimu."

"Baridi! Haya, endelea kulala. Jumamosi makinda wataamshwa na shoka."

Loo, maneno yale yalimkaa rohoni! Alhamisi alfajiri aliamka akinuna, akabamiza mlango, akamfokea hata mbuzi aliyelala njiani. Akasimama palepale anaposimama kila jioni, meno yakigongana kwa baridi.

Jua likachungulia kutoka milima ya Uluguru, mgongoni mwake, likaumulika mkuyu wote. Barabara ilikuwa kimya na hewa safi. Kwenye kiota cha chini alisimama yangeyange, mweupe pe, na mbele yake makinda wawili wamepanua midomo wakidai chakula. Mwanvita akabana pumzi, akapiga.

Siku hiyohiyo Mzee Mwinshehe aliletewa picha hiyo, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Hakucheka.

"Kumbe wapo," akaguna. "Basi mti usiguswe. Tulihamishe tangi."

Nasibu, aliyekuwa akisubiri nje, alishangilia, lakini Mwanvita alitoka bado amevimba kwa hasira. "Wangeukata, mwalimu! Makinda wangekufa, na wao walikuwa wananicheka!"

"Walikosea kukucheka, na nimewaambia," Mwalimu Felista akajibu. "Lakini na wewe sikiliza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jana ulilitukana jua, kumbe ni lilelile lililowaokoa ndege wako, ulipokubali kuamka. Kukasirika si kosa, mwanangu. Ila hasira isikae ikilaumu tu. Ikuamshe mapema, ukafanye kazi."