Kidonge cha Buluu

Kila jioni baada ya shule, Ngendo aliteka maji bombani, akafagia ua, kisha akawasha jiko la mkaa. Wiki hiyo alizifanya kazi hizo mbiombio, ufagio ukiruka nusu ya ua, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye karatasi aliyoificha chini ya godoro.

Mwalimu Gathogo alikuwa amewaambia wanafunzi wake wachore picha ya jioni nyumbani kwao na kuipaka rangi. Picha moja tu ingetundikwa ukutani siku ya wazazi. Wenzake walichora ng'ombe wakirudi zizini. Ngendo alichora sinema.

Sinema yenyewe ilikuwa haijafika. Mjomba Ephantus alifanya kazi kwenye gari la sinema lililozunguka mashamba ya kahawa ya Ruiru. Alikuwa ameahidi kwamba Jumamosi angewaonyesha sinema nyuma ya nyumba yao huko Thika, walikoishi wafanyakazi wa kiwanda cha mananasi. Huo ulikuwa mwaka wa 1959. Kwa miaka mingi, kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, watu walikuwa wakijifungia ndani jua likizama. Sasa amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imelegezwa, na chifu alikubali wakae uani hadi saa tatu usiku. Nani asingefurahi?

Sinema ilihitaji kitambaa cheupe. Mama alitoa shuka lake la harusi sandukuni, akakuta limekuwa la manjano. Akanunua kidonge cha buluu, kile ambacho watu hukifunga kwenye kitambaa na kukikoroga katika maji ya kusuuzia ili nguo nyeupe zing'are. Akakiweka dirishani kingoje Ijumaa.

Ngendo naye alikuwa akitafuta rangi. Nyekundu aliipata kwenye udongo, kijani kwenye majani ya kunde, na manjano kwenye maua ya maboga. Lakini anga la jioni litoke wapi? Alijaribu kila jani na kila ua, hakuna lililotoa rangi ya buluu. Alhamisi akakiona kidonge dirishani. Alijiambia atachukua kidogo tu. Kidogo kikaongezeka, na anga lilipokamilika kidonge kilikuwa kimekwisha. Lo, lakini anga lilipendeza!

Ijumaa mama alipotaka kusuuza shuka, hakuona kitu dirishani.

"Ngendo, nani aliingia hapa jana?"

"Mama Kimeu aliingia. Alikuja kuazima sabuni."

Hilo lilikuwa kweli. Kamene, mama yake Kimeu, aliishi mlango wa pili na alikuwa ameingia na kutoka na kipande cha sabuni. Hata hivyo, Ngendo alijua kwamba alikuwa amedanganya.

Mama alitoka nje na hasira zake. "Mama Kimeu! Ukitaka buluu si uombe?"

Kamene aliweka ndoo chini polepole. "Mama Ngendo, miaka sita tunateka maji pamoja. Siku ulimzaa Wakonyo, huyu mdogo wake Ngendo, ni mimi nilikushika mgongo. Leo nimekuwa mwizi?"

"Basi buluu ilitembea yenyewe?"

"Hiyo sinema yenu sisi hatutakuja," Kamene alisema, akaingia ndani na kufunga mlango. Majirani waliokuwa uani wakatazama chini. Katika miaka ile watu walikuwa wameshukiana vya kutosha, na neno kama hilo lingeweza kukaa moyoni mwa mtu maisha yake yote.

Ngendo aliingia ndani mbio. Mama akiiona picha ataijua buluu yake! Akaokota kipande cha mkaa, akaanza kulifunika anga. Alipokuwa amepaka pembe moja tu, macho yake yalimwangukia mwanamke aliyekaa mstari wa mbele, karibu na mama. Huyo alikuwa Kamene. Ngendo alikuwa amepanga kumpaka gauni lake la Jumapili, lakini buluu ikamwishia. Kamene wa kwenye picha alikuwa amekaa akicheka, hajui lolote. Ngendo alimwonea huruma mpaka machozi yakamtoka. Akautupa mkaa, akaichukua picha na kumpelekea mama.

"Maitu, mama yangu, ni mimi niliyeichukua buluu."

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. Ngendo alingoja kofi, lakini halikuja. "Kuja," mama alisema. "Utamwambia mwenyewe, na mimi nina langu la kusema."

Mlangoni kwa Kamene, Ngendo alieleza yote bila kuruka kitu. Kisha mama akasema, "Nimekukosea, Mama Kimeu. Nilikutukana bila kuuliza. Nisamehe."

Kamene alichukua picha, akaisogeza kwenye mwanga. "Na huyu asiye na rangi ni nani?"

"Ni wewe," Ngendo alinong'ona. "Buluu iliisha kabla ya gauni lako."

"Ngai, Mungu wangu! Yaani mmenivika jina la mwizi, na hata gauni mkaninyima?" Kamene akacheka, mama naye akacheka huku akijifuta macho. Kamene akaingia ndani na kutoka na nusu kidonge. "Shuka kwanza. Kitakachobaki ni cha gauni langu."

Walipokuwa wakikamua shuka pamoja, mama alimwambia Ngendo, "Ungeniomba, ningekupa kidogo. Kosa la buluu lilikuwa dogo. Lakini ulipolificha, mtu mwingine akabeba mzigo wako. Ukikosa, sema mapema, kabla hujamponza asiye na hatia."

Jumamosi shuka liling'aa, na Kamene alikaa mstari wa mbele, bega kwa bega na mama, katika gauni lake la buluu.

Jumatatu Mwalimu Gathogo aliikagua picha. "Nzuri sana. Lakini hapa pembeni, mbona anga ni jeusi?"

Darasa zima lilimtazama Ngendo. "Hapo ndipo nilipoanza kuficha kosa langu, mwalimu," alisema, akasimulia yote.

Mwalimu akachukua nyundo na misumari. Siku ya wazazi picha ilikuwa ukutani pamoja na doa lake, na Kamene alisimama mbele yake asubuhi nzima, akimwambia kila aliyepita, "Huyo wa gauni la buluu ni mimi."