Ng'ombe Wote Wanaitwa Malaika

Umeme ulikatika mjini Moshi asubuhi ya siku ya soko, na kila mwenye simu inayokaribia kuzima akakumbuka jenereta ya Hadija. Mgahawa wake, hatua chache kutoka soko la kati, ulijaa mpaka mlangoni. Wauza ndizi walibanana na makarani, harufu ya mtori wa ndizi na chapati ikachanganyika na moshi wa dizeli, na waya za chaja zikatambaa mezani kama mizizi.

Yoramu aliingia na kompyuta kwapani, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri. Alifundisha kuandika programu katika chuo kidogo cha mjini, na alikuwa na somo la kuandaa. Kiti kimoja tu kilibaki, pembeni, mbele ya msichana aliyevaa sketi ya kitenge, sweta la kijani na buti za mpira zenye matope.

"Dada, hapa pana mtu?"

"Nipo mimi," alijibu bila kuinua macho. "Kiti ndicho hakina mtu."

Yoramu akaketi. Dakika hazikupita nyingi, msichana akapiga meza kwa kiganja.

"Wewe mashine una wazimu! Ng'ombe wote hawa wanaitwaje Malaika?"

Meza za jirani ziligeuka. Yoramu alijaribu kuzuia kicheko, kikamponyoka.

"Unanicheka?"

"Nacheka ng'ombe, dada. Naweza kuona?"

Msichana alimkagua kuanzia kola hadi viatu, kisha akageuza kompyuta. Kwenye dirisha la programu kulikuwa na orodha ya ng'ombe, na kila mmoja, mzee kwa ndama, aliitwa Malaika. Yoramu akafungua maandishi ya programu na kuyasoma.

"Tazama hapa, pale ulipoeleza ng'ombe ni kitu gani. Mbele ya jina umeandika *static*. Neno hilo linaiambia mashine kwamba jina ni moja, la ng'ombe wote kwa pamoja. Kila unapomwandika mpya, jina lake linafuta la wenzake. Malaika ndiye uliyemwandika mwisho, sivyo?"

Macho yalimtoka. "Umejuaje?"

"Kila mwanafunzi wangu amelifanya kosa hilo. Mmoja alikuwa na kampuni nzima ya watu wanaoitwa Shedrack."

Alilifuta lile neno, akaanzisha programu upya. Wakatokea Tulizo, Kahawa, Bibi, Malaika na wengine, kila mmoja na jina lake. Msichana alipiga kigelegele, mgahawa wote ukacheka.

Aliitwa Aikaeli, wa Kirua Vunjo, juu mlimani, na alikuwa mhamilishaji wa ng'ombe. Alizunguka vijijini kwa pikipiki na mtungi wa baridi wenye mbegu za fahali, akipandisha mitamba ya watu. Tatizo lililomsumbua ni kwamba wafugaji hawakumbuki fahali gani alimzaa mtamba gani, kwa hiyo mara nyingi binti alipandishwa kwa mbegu za baba yake, na ndama wakazaliwa dhaifu.

"Nataka programu itakayonipigia kelele kabla sijafanya kosa," alisema. "Nimejifunza kwa video."

"Peke yako?"

"Peke yangu na Mungu, na bando likiruhusu."

Yoramu hakuliandaa somo lake siku ile.

Wakaanza kukutana kwa Hadija kila Aikaeli aliposhuka mjini. Hadija, mjane mcheshi wa mtaa wa Soweto hapo Moshi aliyependa kufunga vilemba vya rangi kali, aliwawekea meza ile ya pembeni na kuwafukuza wateja wengine.

"Mangi," alimtania Yoramu kwa cheo cha machifu wa Kichaga, "siku hizi unapaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Hiyo nayo ni programu?"

Makosa hayakuisha, na kila moja lilikuwa na raha yake. Siku moja programu ilizimika kila ilipotafuta mama wa ng'ombe.

"Huyu mama umemtaja tu," Yoramu alimweleza. "Umeandika kwamba atakuwepo, lakini hujamtengeneza. Mashine inakwenda kumtafuta, inakuta patupu."

"Yaani nimempa jina kabla hajazaliwa?"

"Ndivyo."

"Sisi Wachaga tunafanya hivyo siku zote," alisema, na Yoramu akacheka mpaka chai ikampalia.

Siku nyingine Aikaeli alitafuta Tulizo, mashine ikajibu hakuna Tulizo, na Tulizo anaonekana pale pale.

"Umelinganisha kwa alama mbili za sawasawa," alisema Yoramu. "Hapo unauliza kama ni kitu kile kile kimoja. Wewe ulitaka kuuliza kama maandishi yanafanana. Mimi na wewe tukivaa masweta mawili ya kijani, rangi ni moja, sweta si moja."

"Wewe huna sweta la kijani."

"Nitanunua."

Alilinunua kweli. Jioni hiyo Aikaeli alimpigia simu.

"Hadija kaniambia umepita na sweta la kijani kwenye jua lote lile."

"Nilikuwa nasikia baridi."

"Huko kwako Shirimatunda kuna baridi?"

"Aika, ukiwa huko mlimani, huku kunakuwa na baridi."

Yoramu akasikia kicheko chake, cha chini, cha mtu aliyeficha uso kwenye mto.

"Mwalimu una maneno wewe."

Siku ya kuonyesha programu ikakaribia. Kikundi cha wafugaji wa Kirua, chini ya mwenyekiti wao Mzee Kornel, kilitafuta mtu wa kusimamia uzazi wa mifugo yao yote, na Aikaeli aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alimwachia Yoramu kompyuta kwa siku moja tu.

"Kuna kosa dogo kwenye tarehe," alisema. "Niangalizie hilo tu, mpenzi."

Lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo. Labda ndilo lililomlevya. Yoramu alisahihisha tarehe, kisha akaona sehemu moja imeandikwa kwa kuzunguka, akainyoosha. Akainyoosha na ya pili. Kufikia jioni alikuwa ameiandika programu nzima upya, fupi, safi, yenye kasi. Alimrudishia kompyuta akitabasamu, bila kumwambia alichofanya. Alitaka iwe zawadi.

Mkutano ulifanyika Kirua asubuhi iliyofuata, kwenye ukumbi wa kanisa. Aikaeli alivaa gauni la bluu na viatu vya kisigino alivyovibeba mkononi mpaka mlangoni, mama yake akimfuata nyuma. Programu ilifunguka vizuri. Wazee wakasogea, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Sasa mwanangu," akauliza Mzee Kornel, "hapa imesema mtamba huyu asipandishwe na fahali huyu. Imejuaje? Tuonyeshe ulivyoipangia."

Aikaeli akafungua maandishi. Hakuona mstari hata mmoja wa mkono wake. Alipanda juu, akashuka chini, akitafuta mstari anaoujua.

"Ni... inalinganisha..."

"Inalinganisha nini?"

Kutoka nyuma mtu mmoja akasema kwa Kichaga kwamba kazi hii kaifanya mwanamume wake wa mjini, na benchi zima likacheka. Mzee Kornel hakucheka. Alimwambia kwa upole arudi siku atakapoweza kuieleza kazi yake mwenyewe.

Yoramu alipopiga simu kuuliza mambo yamekwendaje, alisikia upepo tu, halafu sauti ya Aikaeli, kavu.

"Nilikuomba tarehe, Yoramu."

"Aika, nilitaka tu..."

"Wamenicheka mbele ya mama yangu. Wamesema si kazi yangu, na wamesema kweli, kwa sababu ya kwangu uliifuta. Ulidhani siwezi?"

"Hapana! Wewe unaweza kuliko..."

"Basi ungeniacha niweze."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokelewa, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Yoramu akawa anakaa meza ya pembeni peke yake, mtori ukipoa mbele yake.

Hadija alimvumilia mpaka akachoka. Akavuta kiti.

"Wewe ulimpa zawadi au ulimnyang'anya?"

"Nilimsaidia, dada Hadija."

"Mimi nilipofungua mgahawa huu, shemeji yangu alikuja kunisaidia. Akabadilisha wapishi, akabadilisha chakula, akaning'iniza na picha yake ukutani. Nilimfukuza na mwiko. Huyo mtoto hakukuomba umbebe. Alikuomba umshikie taa."

Yoramu akauliza, "Atanisikiliza?"

"Kwa simu? Thubutu. Panda mlima."

Alipanda asubuhi ya Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha, migomba inadondosha maji, na kijia cha kuelekea kwa kina Aikaeli kilimtelezesha mpaka suruali ikawa nyekundu kwa matope magotini. Kwenye ua wa mipaka alichuma jani la sale, kama walivyofanya wazee wa pande hizo mtu alipokwenda kuomba msamaha, akaingia nalo uani.

Aikaeli alikuwa zizini, amevaa koti la kazi, mkono wa kushoto umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani, glovu ya plastiki imemfika kwapani. Alimwona. Hakuweza kukimbia, na ng'ombe hakutaka kutulia.

"Nimekuja kukuomba..." Yoramu alianza, jani limenyooshwa mbele.

"Shika mkia."

"Nini?"

"Shika mkia, ananipiga nao usoni!"

Yoramu akatia jani mdomoni, akashika mkia kwa mikono miwili. Ng'ombe alimwagia mavi kwenye viatu. Hakuuachia. Aikaeli alimaliza kazi yake taratibu, akatoa mkono, akavua glovu. Alipogeuka na kumwona mwalimu wa chuo amesimama na sale mdomoni na mkia mikononi, alijitahidi kukunja uso. Alishindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa zizi.

"Unaweza kuachia sasa."

Yoramu alitoa jani mdomoni. "Nisamehe, Aika. Niliona njia fupi nikasahau kwamba safari ni yako. Programu yako ya zamani ninayo, niliihifadhi kabla sijaigusa. Hii hapa kwenye flashi. Haina hata nukta yangu."

Aliipokea flashi, akalipokea na jani.

"Iliniuma sana," alisema.

"Najua."

"Sitaki uje siku ya mkutano. Nataka niende mwenyewe."

"Sawa."

"Lakini simu uiwashe."

Aikaeli alirudi kwenye kazi yake mwenyewe, yenye kuzunguka, akaikamilisha kila siku baada ya kukamua. Kikundi kilipokutana tena, alieleza kila mstari, na Mzee Kornel akauliza hadi akaishiwa maswali.

"Sasa tia ng'ombe wa wanachama wote," alisema mzee, "umtafutie kila mmoja fahali."

Aikaeli aliwaingiza, akabonyeza kitufe, dirisha likaganda. Halikusogea wala kufungika. Minong'ono ikaanza. Aikaeli akaomba radhi, akatoka nje na simu.

"Yoramu, limeganda!"

Mjini, mgahawani, Yoramu aliruka kwenye kiti, sahani ya Hadija ikaanguka. Jibu alilijua papo hapo, likamfika kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza.

"Limeganda ulipobonyeza nini?"

"Kutafuta fahali wa wote."

"Hiyo kazi ya kutafuta, ni nani anaifanya?"

"Si kitufe chenyewe... Subiri. Anayetafuta ndiye huyo huyo anayechora dirisha. Kama mhudumu mmoja kwa Hadija, aende jikoni kupika pilau, wateja wote wakae bila wa kuwasikiliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naajiri mpishi! Kutafuta kukafanyike pembeni, majibu yakiwa tayari ndiyo yaletwe mezani. Nilishajaribu hivyo kwenye zoezi. Yoramu, usiseme kitu!"

"Sijasema."

"Usiseme!"

Alirudi ndani, akawaomba wazee wanywe chai kwanza, akaandika mbele yao huku akieleza. Alimaliza kabla chai haijaisha. Alipobonyeza tena, majina yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine, dirisha likitembea laini, na wawili kati ya ng'ombe wa mwenyekiti mwenyewe wakatokea kwa herufi nyekundu.

"Hao wasipandishwe na fahali wetu wa sasa," alisema Aikaeli. "Ni baba yao."

Mzee Kornel aliangua kicheko, akaanza kupiga makofi, na yule aliyemsema kutoka nyuma siku ile alikuwa wa pili kupiga.

Mjini simu iliita.

"Wamenipa kazi!" Sauti ilisikika mpaka jikoni. Hadija akapiga vigelegele na mwiko mkononi.

"Aika," Yoramu alisema, "nina neno nataka kukuuliza, si la simu."

"Basi panda. Kabla hakujawa na giza."

Alipofika, mama yake Aikaeli, Veronika, alikuwa getini na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kutengeneza kompyuta?"

"Hapana mama. Nimekuja kuomba..."

"Si kwangu," alisema mama, akitua mzigo. "Anza kwake. Mimi na wazee utatukuta baadaye, na usije mikono mitupu."

Aliingia ndani, lakini aliuacha mlango wazi kidogo.

Aikaeli alitoka, bado na gauni la bluu, miguu katika buti za mpira. Wingu lilikuwa limefunguka na theluji ya Kibo ikang'aa juu ya migomba. Yoramu alikuwa ameandaa maneno mazuri njia nzima. Yote yalimkimbia.

"Nioe," alisema. "Yaani, nikuoe. Yaani, tuoane, Aika."

"Hivi ndivyo mnavyofundisha chuoni?"

"Nimekosea, naanza upya."

"Usianze upya." Alimshika mikono yote miwili. "Nimekuelewa mara ya kwanza. Ndiyo."

Ndani ya nyumba kigelegele kikalia. Yoramu alitaka kumkumbatia, ila Aikaeli alikuwa tayari amemwinulia mzigo wa majani na kumtwika begani, juu ya shati jeupe.

"Twende, mume wangu mtarajiwa," alisema akitangulia kuelekea zizini. "Ng'ombe hawajala."