Nta ya Beñat

Siku Beñat aliporudi, nyuki hawakutoka mzingani. Jua la Nevada, Marekani, lilikuwa limewaka vizuri na theluji ya uani imeyeyuka, lakini wote walijifungia kimya, na Kattalin, mkewe, alijua kosa ni lake.

Mwezi mmoja kabla, Peio, mdogo wake Beñat, alikuwa ameshuka na habari kwamba theluji imeporomoka mlimani ikamfukia kaka yake pamoja na kondoo. Kattalin alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akafanya kama mama yake alivyofanya kwao, ng'ambo ya bahari, kila mwenye nyumba alipofariki. Aligonga mzinga, akainama, akawaambia nyuki, "Bwana wenu amekufa. Tengenezeni nta ya kumwangazia njia." Nta waliyoitoa akaizungushia utambi, akaihifadhi. Hakungoja mwili upatikane. Uchungu haungoji.

Na sasa Beñat huyo, amekaa mezani kwake.

"Umefukuzwa peponi, nini?" Peio alimtania, machozi yakimtoka. "Au walikuonjesha mchuzi wao, ukaukumbuka wa shemeji?"

Beñat alitabasamu. Kijiko hakukigusa.

Kesho yake Peio alipanda mlimani kutafuta kondoo waliosalia. Nyumba ikaanza kunuka nta, kila chumba, hata kwenye mkate. Mbwa alihamia barabarani akakataa kurudi. Na mchana mmoja, Beñat akiwa amejilaza, Kattalin aliweka sikio kifuani pake akitaka tu kusikia moyo wa mumewe, moyo aliouzoea miaka tisa, na badala ya moyo akasikia mvumo, mvumo mzito wa maelfu ya mabawa, ukipanda na kushuka, ukisogea taratibu kuelekea pale alipoliweka sikio lake.

Alikimbilia kwa Bibi Graxiana, mganga wa watu wote wa kwao, Wabaski, katika mji ule.

"Nta yake unayo?" bibi alinong'ona.

"Ninayo."

"Sikiliza, mwanangu. Nta ya wafu haiwashwi kwa jina la mtu anayepumua. Ukiiwasha, unamuua."

"Yule hana moyo, Bibi. Nimesikiliza mwenyewe."

"Basi mumeo alishakufa, na huyo ni jini tu. Iwashe, itamtoa."

Ijumaa, adhuhuri, Kattalin aliiweka nta mezani mbele ya Beñat. Viberiti viwili vilimvunjikia mkononi.

"Usiiwashe, Kattalin," Beñat alisema polepole. "Utaniua, mke wangu."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Kattalin alimpenda mtu huyu kuliko macho yake, na nusura akitupe kile kiberiti. Lakini mvumo ulikuwa ukisikika chini ya maneno, akawasha.

"Beñat Etxart, nuru hii ni yako. Nenda."

Nta iliwaka huku Beñat akiitazama bila kupepesa, na kadiri ilivyopungua ndivyo mvumo ulivyozidi, ukaingia ukutani, ukaingia kwenye vyombo, ukaingia kwenye meno ya Kattalin, mpaka ule utambi ukazama na kuzimika, na kile kiumbe kikacheka kwa mara ya kwanza tangu kije.

"Asante," kilisema. "Peke yangu nisingemfikia."

Kitini palibaki rundo la nyuki waliokufa.

Jumapili Peio alirudi, kofia mkononi. Alikitazama kile kiti kitupu, kisha akaketi chini sakafuni kama mtoto.

"Shemeji, huyo aliyekuja hapa sijui ni nani. Beñat nimemkuta mlimani, pangoni, mguu umevunjika. Alikuwa hai muda wote huu, akila kondoo waliokufa. Kila siku alichonga jina lake na tarehe kwenye gome la mti pale mlangoni, kama tunavyofanya wachungaji sote huko juu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa. Jina la Ijumaa hakulimaliza. Nilifika alasiri, shemeji, mwili bado una joto." Peio alijipiga kifuani kwa ngumi. "Nilisimama njiani kula! Ningefika mapema ningemwokoa. Nimemuua kaka yangu kwa uzembe."

Kattalin alifungua kinywa amwambie habari ya nta. Kisha akakifunga, akamwekea mchuzi.