Kidonge Kipya cha Bibi Esnath

Wewe msomaji wangu, umewahi kushika jembe asubuhi, kwenye baridi ya Njombe, tumbo likiwa tupu? Kama hujawahi, muulize Rejoice wa Mdandu, msichana wa darasa la sita. Kila Jumamosi ya msimu wa viazi alikwenda kulima na bibi yake, Bibi Esnath. Wanawake sita wa mtaa wao walisaidiana: wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Na desturi yao ilikuwa moja. Hakuna aliyetia kitu mdomoni mpaka mwenye shamba alete chakula saa nne, matuta ya kutosha yakiwa yamesimama. Aliyekula mapema alichekwa mpaka akome.

Bibi Esnath alikuwa na kisukari, na aliyejua hilo ni Rejoice peke yake. Vidonge vya mwanzo vilimchafua tumbo, basi daktari wa kliniki ya Makambako akambadilishia. "Hii mpya inashusha sukari kwa nguvu, bibi," alimwambia. "Ukinywa, lazima ule." Bibi akaitikia kwa kichwa. Na kweli dawa ilimfaa. Kiu ilipungua, miguu ikaacha kuwaka moto, na kanisani akaweza tena kusoma kitabu cha nyimbo bila kukisogeza mbali na macho.

Jumamosi moja walilima kwa Mama Denis. Bibi alikuwa amemeza kidonge chake nyumbani, hakula kitu. Saa nne ilipokaribia, jembe lilimponyoka. Mikono ilimtetemeka, jasho likamtiririka usoni, na wenzake walikuwa bado wamejifunga vitenge mabegani kwa baridi.

"Esnath, una nini?" aliuliza jirani yao Idda, mama mwenye utani mwingi. "Au jembe limekuwa zito leo?"

Bibi alimkata Rejoice jicho la kumnyamazisha.

"Amechoka tu," alidanganya Rejoice.

Bahati nzuri Mama Denis alikuwa anatokea na ndoo ya uji wenye sukari. Bibi alikunywa vikombe viwili, na taratibu mikono ikatulia. Lakini walipofika nyumbani aliufunga mfuko wa dawa, akauweka juu ya kabati.

"Dawa hii itaniua, mjukuu wangu. Siinywi tena. Nawe usimwambie mtu."

"Lakini bibi, ile miguu yako..."

"Acha iwake. Nimeizoea."

Haikupita wiki, kiu ikarudi. Jumapili, Rejoice alimwona Bibi ameshika kitabu cha nyimbo, midomo inacheza, lakini macho hayapo kwenye kitabu. Alikuwa anaimba kwa kukumbuka. Rejoice akaogopa sana.

Siku ya kliniki walikwenda Makambako. Yule daktari wake, Angela, alimpima Bibi, akakunja uso. "Sukari imepanda mno. Bibi, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu."

Rejoice alimsogelea daktari. "Hanywi, daktari," alisema. "Anaogopa. Ilimtetemesha shambani, na mimi nilidanganya kwamba amechoka."

"We mtoto!" Bibi alimaka.

Daktari hakugomba. "Asubuhi hiyo ulikula nini, bibi?"

"Nile kabla ya kulima? Watu wanione mlafi?"

Daktari alicheka. "Mimi ni wa Wanging'ombe kama ninyi, hayo nayajua. Basi tupime madhara pamoja. Ukiacha dawa, sukari itaharibu macho, figo na miguu, polepole, bila kelele. Ukinywa bila kula, sukari itashuka ghafla, ikuangushe siku hiyohiyo. Sasa napunguza dozi, na kidonge kiende na chakula. Ukianza kutetemeka, kunywa chai ya sukari hapohapo, usingoje." Kisha akamgeukia Rejoice. "Kila dawa ina faida na ina madhara yake, lakini siwezi kupima nisichoambiwa. Umefanya vizuri kusema. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata kama ameomba yeye mwenyewe."

Walipotoka nje, Bibi alijifunga kitenge chake vizuri. "Umenitia aibu," alisema, kisha akamshika mkono. "Ila sijakasirika."

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kugusa jembe, Bibi alikaa pembeni mwa shamba, akafungua kitambaa chenye viazi vya kuchemsha. Wenzake wakasimama kumtazama.

"Esnath!" alisema Idda. "Umekuja kulima au kucheua?"

Bibi alitafuna, akameza. "Nina kisukari, jamani. Nimewaficha siku nyingi. Dawa yangu haitaki tumbo tupu, kwa hiyo kuanzia leo nakula kwanza, ndipo nalima."

Hakuna aliyecheka. Idda aliweka jembe chini, akaja kukaa karibu naye, akachukua kiazi kimoja.

"Sogea kidogo, dada," alisema. "Miaka yote hii nataka kulisema jambo hili, naona haya. Mimi sina kisukari, lakini kila Jumamosi njaa inaniuma!"