Nilinyamaza Mbele ya Wanafunzi Wetu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mbili. Nina mke na watoto wanne, na kazi yangu ni ukarani katika kiwanda cha mbao hapa Eldoret. Wenzangu kazini huniita Mwalimu, kwa sababu kila wakati wa kupumzika wananikuta na kitabu. Hawajui jina hilo linavyonichoma… Sikuwahi kuwa mwalimu. Nilibakiza majuma machache tu!

Kwetu ni Maragoli. Kabla ya vita hivi vilivyokwisha, nilichaguliwa kuingia chuo cha ualimu cha misheni. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyekuwa ameshika chaki kabla yangu. Mwaka wa mwisho, wanafunzi tulitumwa wawili wawili kufundisha muhula mmoja katika shule za watu, nyingi zikiwa kwenye mashamba ya Wazungu. Mkaguzi akiridhika, unapewa cheti. Mwenye shamba akilalamika, unarudi nyumbani kushika jembe. Ilikuwa hivyo, bila rufani.

Mimi na Zakaria tulipelekwa kwenye shamba la ngano la Kaburu mmoja, upande wa Turbo. Zakaria alikuwa rafiki yangu tangu siku ya kwanza chuoni. Tulikula sahani moja, tukavaa koti moja kwa zamu. Huyo Kaburu wafanyakazi walimwita Kifaru, kwa vile alivyokuwa akimvamia mtu kabla ya kumuuliza neno.

Shule yenyewe ilikuwa zizi la zamani la farasi. Aliyemwomba Kifaru zizi lile ni Mzee Andrea, mwendeshaji wa maksai wa shamba. Yeye na wenzake walilikandika udongo kila Jumapili baada ya ibada, mpaka likafanana na darasa. Mzee huyo na mkewe, Mama Rasoa, ndio waliotupa chumba cha kulala. Jioni alipenda kututania.

"Walimu gani hawa wanakula kama ndege? Ongeza ugali, Mama! Na shingo hizi nyembamba watamtisha nani?"

Nitawaeleza jambo moja la chuoni kwetu, maana mkasa wote umesimama juu yake. Tulifundishwa kwamba mwalimu hamkosoi mwalimu mwenzake mbele ya watoto. Mwenzako akikosea hesabu ubaoni, nyamaza. Watoto wakienda, mtazungumza. Walimu wetu walilisisitiza sana jambo hilo, nasi tukalishika kama amri ya Mungu.

Asubuhi ambayo mkaguzi alitazamiwa, ngano ilikuwa imekauka na mavuno yamepamba moto. Mimi nilikuwa darasani nikiandika ubaoni. Watoto walikuwa wametawanyika nje, na filimbi yetu ya kuwaitia ilikuwa imepotea. Zakaria akakimbia hadi kando ya ghala, palipotundikwa chuma cha plau cha kuwaitia watu kazini. Akakigonga mbiombio, bila kupumzika, jinsi kengele ya chuoni ilivyogongwa.

Mimi nilimsikia. Nilifurahi hata! Nikasema moyoni, leo watoto watapanga mstari upesi.

Sisi tulikuwa tumesikia chuma kile kikigongwa polepole tu, asubuhi na jioni. Hakuna aliyetuambia, wala hatukuuliza, kwamba katika mashamba yale kukigonga mbiombio kuna maana moja tu… Moto! Moto katika ngano kavu!

Watu wakaacha kazi. Wanaume wakakimbilia mtoni kulowesha magunia, wanawake wakaita watoto wao kwa mayowe. Kwenye mashine ya kukatia ngano, mtu aliyewashika maksai wa mbele aliwaacha, akakimbia. Maksai wakashtuka, wakavuta mashine ovyo. Mzee Andrea alijaribu kuwazuia peke yake. Walimwangusha, na mashine ikampitia mapajani.

Walimleta kwenye ua wa ghala juu ya mlango uliong'olewa. Nilipofika hapo mbio kutoka darasani, damu ilikuwa ikidondoka kwenye vumbi. Alikufa pale pale, kabla gari halijawashwa kumpeleka mjini. Sikuwa nimepata kuona mtu akifa hivyo, na naomba nisione tena.

Kifaru akafika, kiboko mkononi, uso mwekundu.

"Nani napiga chuma? Sema upesi! Moto iko wapi?"

Watoto wetu walikuwa wamepanga mstari pale pale, mikono wamekunja kifuani, kimya, kama tulivyowafundisha. Waliona nani aliyegonga. Lakini tuliwafundisha pia kwamba mtoto hasemi mpaka aulizwe, na ni nani aliyewauliza?

Zakaria akanyoosha kidole kwangu. "Ni huyu, Bwana."

Nilimtazama. Nilidhani ni hofu tu, kwamba atapumua kisha ajirekebishe. Na watoto walikuwa wakitutazama sisi wawili! Nitamwitaje mwalimu mwenzangu mwongo mbele yao? Nikajiambia, nyamaza, mtazungumza watoto wakienda… Wasomaji, nilikuwa mjinga kiasi gani?

Mama Rasoa akanishika shati kwa mikono yenye damu ya mumewe. "Nimekupikia kwa mikono hii! Sema si wewe, mwanangu. Sema tu!"

Nikamtazama Zakaria, nikamngoja. Yeye akatazama chini.

Kimya changu kikawa jibu. Kifaru alinipiga kiboko mgongoni mpaka shati likachanika, akaendelea juu ya nyama. Nilipoanguka alinipiga teke mbavuni, nikasikia kitu kikilia ndani yangu. Alipochoka akaenda zake. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndugu za marehemu walikuwa wakingoja zamu yao!

Hao walikuja na marungu. Mmoja alinikanyaga kifundo cha mkono wa kulia, mwingine akaniponda vidole juu ya jiwe. "Hutashika chaki tena kwa watoto wetu," alisema, naye analia. Sikumlaumu wakati ule. Simlaumu leo. Aliyekufa alikuwa kaka yake.

Nilitupwa nje ya shamba. Wasamaria wawili wakanibeba kwa mkokoteni hadi hospitali ya Eldoret. Chuo kikanifuta. Zakaria alipewa cheti.

Nilikaa mjini, nikabeba mbao mgongoni, nikajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila kitabu nilichokiweza nilikisoma. Hivyo ndivyo nilivyopata ukarani. Lakini cheti? Hicho hakipatikani kwa kusoma peke yako chini ya taa.

Miaka ikapita. Siku moja akaja kiwandani mtu mwenye tai na viatu vyeusi, anataka mbao za madawati ya shule yake. Alikuwa Zakaria.

Aliniona vidole. Akatokwa na machozi, naamini yalikuwa ya kweli. Nikamuuliza kwa nini.

"Niliogopa, ndugu yangu," alisema. "Lakini na wewe… mbona ulinyamaza? Ungesema neno moja tu, ningekiri. Nilikungoja useme! Uliponyamaza nikaona umekubali kunibebea."

Alikuwa akiningoja mimi! Nami nilikuwa nikimngoja yeye!

Sikumbuki nilivyoliokota bapa la ubao. Nakumbuka pigo la kwanza, na tai yake ikilowa damu. Wenzangu walinivuta nikiwa nimekwisha kumvunja taya. Nilifungwa jela, na siku zote za kifungo sikupata hata dakika moja ya raha kwa ajili ya kipigo kile. Kumvunja taya hakukuninyooshea hata kidole kimoja kilichopondwa.

Nilipotoka, kabla sijarudishwa kazini, nilikwenda shambani kumtafuta Mama Rasoa, nimweleze. Kibanda chake kilikuwa kimebomolewa. Nyapara aliniambia kwamba mjane hana kazi, kwa hiyo hana nyumba. Kifaru alimfukuza baada ya mazishi. Nikaulizia kwao, Kabras; nako hakufika.

Vijana mnaotumwa kufundisha katika shule za watu, nawasihi! Kabla ya kugusa kitu chao chochote, waulize maana yake. Na ukisingiziwa, usingoje watoto waende. Sema hapo hapo, wakusikie, hata kama ni mwalimu mwenzako, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Heshima ya mwalimu haipotei kwa kusema kweli mbele ya mwanafunzi.

Mimi sikusema. Na popote alipo Mama Rasoa, kama bado yu hai, anaamini kwamba alimlisha muuaji wa mumewe.