Mgonjwa Asiyeumwa

"Huyo bwana wako ni kompyuta!"

Chiriku aliyasema hayo kwa sauti ya kushindana na mashine za kufulia, mpaka wenzao waliokuwa wakianika nje wakageuza shingo.

"Nirudishie simu yangu," Mama Pasi akasema.

"Ngoja kwanza nimalize kukusomea, si umesahau miwani? Sikiliza. 'Wapendwa wachezaji. Kwa kuwa watu wamepungua sana Bondeni, tangu mwaka jana tumekuwa tukiongeza wakazi wanaoendeshwa na kompyuta, ili asiwepo wa kujiona mpweke. Wanatembea, wanapigana na kuzungumza kama watu. Tunasikitika kuwatangazia kwamba Jumapili hii, saa kumi na mbili jioni, Bonde litafungwa moja kwa moja.' Umesikia? Wanazungumza kama watu!"

Mama Pasi akaisimamisha pasi yake. Shuka ya wodini ikabaki mezani, nusu imenyooka, nusu ina makunyanzi.

"Ngao si kompyuta," akasema.

"Umewahi kumwona?"

"Hapana."

"Kumsikia je?"

Mama Pasi akaishika tena pasi, akanyoosha mahali alipokwisha kunyoosha.

Mama huyu alikuwa mjane, kazi yake kunyoosha shuka za hospitali. Mchezo huo aliwekewa na binti yake wa pekee siku chache kabla hajasafiri kwenda kufanya kazi nchi za mbali. "Tutakuwa tunaonana humu, mama," binti alimwambia. Bondeni waliingia watu wengi kwa pamoja, kila mmoja kwenye simu yake, wakichagua wa kuwa: wapiganaji, wahunzi, wakulima. Mama Pasi akachagua kuwa tabibu, msichana mwenye joho jeupe. Akajenga kibanda chake karibu na daraja, na wapiganaji waliojeruhiwa na madubwana ya msituni wakawa wanaletwa kwake. Juu ya kichwa cha kila mtu palikuwa na mstari wa kijani. Aliyeumia, mstari wake ulipungua. Akishapewa dawa, unajaa.

Binti akaja jioni za mwanzo. Baadaye akaja mara mojamoja. Kisha hakuja tena, na mama akabaki peke yake kibandani akitazama daraja.

Hapo ndipo alipotokea Ngao, mpiganaji wa kifua kipana, mstari wake umejaa pomoni.

"Tabibu, nitibu," akaandika.

"Umeumia wapi?"

"Popote utakapoangalia."

Mama Pasi alicheka peke yake chumbani, kicheko ambacho kuta za chumba kile zilikuwa zimekisahau. Tangu hapo Ngao akawa haachi. Kila jioni anakuja mzima wa afya, anadai dawa, anakaa. Mama Pasi alimweleza mengi. Alimweleza jinsi marehemu mumewe alivyoaga asubuhi akiwa mzima, akaletwa mchana amefunikwa. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa Mungu wake.

Sasa leo anaambiwa pengine aliyaambia mashine.

Jioni ile hakula. Alikaa kitandani, akaingia Bondeni. Ngao alikuwa amekwisha kufika.

"Tabibu, nitibu."

"Leo sitibu. Nataka kukuuliza. Wewe ni mtu?"

"Swali gani hilo, Tabibu wangu?"

"Tangazo umeliona?"

"Nimeliona. Mimi ni mtu."

"Hata kompyuta ingejibu hivyohivyo. Kuna kitufe cha sauti hapo pembeni. Kibonyeze uniite mara moja tu, niridhike."

Ngao aliyezoea kujibu kabla hujamaliza kuuliza, safari hii hakuandika kitu mpaka taa ya simu ikaanza kufifia.

"Siwezi," akaandika mwisho.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Niombe kitu kingine chochote."

"Sina kingine cha kuomba."

"Tabibu..."

Mama Pasi akazima simu. Akapiga magoti kando ya kitanda kama ilivyokuwa desturi yake, akaanza sala, akaiacha katikati. Mwishowe alisema moja tu: "Mungu wangu, nimeaibika, hata mwenye kunicheka hayupo."

Siku zilizofuata hakuingia tena. Akitoka kazini anafagia chumba kilichokwisha kufagiwa, anachemsha chai, inapoa. Jumamosi binti yake akapiga.

"Mama, sauti yako ina nini?"

"Mafua."

"Mama!"

"Bonde linafungwa kesho."

"Bonde gani? Aah! Mama, bado unacheza ule mchezo?"

"Wewe ndiye uliyeniingiza."

"Lakini mimi niliacha zamani. Kazi zilinizidi."

"Najua. Ulitoka bila kuniaga, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri pale darajani. Nikasema leo umechelewa, kesho utakuja."

Upande wa pili ikasikika pua ikivutwa.

"Hukuniambia, mama."

"Ningekuambia nini? Kwamba nakungoja kwenye daraja la kuchora?"

"Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe. Kula vizuri huko, usilale na njaa."

Jumapili zamu yake ilikuwa ya jioni. Akatoka ibadani, akaenda moja kwa moja kazini. Mashine zilikuwa zimepumzika, Chiriku anakunja foronya, yeye ananyoosha. Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Leo nimekuja na miwani, nitasoma mwenyewe," akasema, lakini Chiriku alikuwa amekwisha kuegemea bega lake.

"Bonde linafungwa, lakini si lazima umpoteze umpendaye," ujumbe ulisema. "Katika mchezo wetu mpya, kila mchezaji atatengenezewa rafiki wake mwenyewe. Hutahitaji tena kumsubiri mtu. Tuambie ulimpenda nani Bondeni, nasi tutakutengenezea anayefanana naye."

"Si uchukue!" Chiriku akadakia. "Hakoromi, halewi, hana dada wa kukusema. Mimi ningeagiza wawili."

"Wewe kila kitu ni mzaha."

"Sifanyi mzaha, dada yangu. Tangu juzi unatembea kama uliyefiwa mara ya pili. Nakuona. Kama yule alikuwa kompyuta, na huyu ni kompyuta, umepungukiwa nini?"

Mama Pasi akatazama ile shuka. Halafu, polepole, kidole kimoja kimoja, akaandika: "Aliitwa Ngao."

Jibu likaja papo hapo: "Tumempata. Ulipenda nini kwake?"

Akafikiri. Kifua? Kila mpiganaji Bondeni alikuwa nacho. Maneno matamu? Hata hao wa kutengeneza wanayo. Akaandika ukweli wake: "Alikuwa anakuja kutibiwa kila jioni, na haumwi."

"Asante," ujumbe ukajibu. "Hilo lilikuwa kosa dogo, na tumelirekebisha. Rafiki yako mpya atakuja kwako pale tu atakapokuwa ameumia kweli."

Mama Pasi akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akasoma tena.

"Chiriku."

"Abee."

"Wamelirekebisha."

"Nini?"

"Kuja bila kuumwa! Kwao ni kosa! Kompyuta haiji kutibiwa ikiwa nzima, Chiriku. Itakuja kutafuta nini? Anayekuja hajaumwa, akakaa na wewe mpaka usingizi ukushike, huyo... Ee Mungu wangu! Saa ngapi sasa?"

"Kumi na mbili kasoro. Pasi! Unaunguza shuka ya watu!"

Mama Pasi aliipokonya pasi umeme, akafungua Bonde. Lilifunguka taratibu, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Wale wakazi wa kutengeneza walikuwa kwenye shughuli zao: wanabeba magunia kutoka sokoni kwenda kwenye kinu, wanasalimiana, wanarudi. Hakuna aliyejua kama dunia yao inaisha.

Mlangoni kwa kibanda chake palikuwa na mtu amesimama.

"Ndiye huyo?" Chiriku akanong'ona. "Mbona kasimama kama mlingoti?"

Mama Pasi akajibu huku machozi yanamtiririka. "Humu ukiiacha simu kidogo tu, mtu wako anakaa chini mwenyewe. Ili asimame hivyo, lazima kuna kidole kinamgusa. Kuna mtu ameshika simu, Chiriku. Kuna mtu!"

Juu ya kichwa cha Ngao maneno yalikuwa yamepangana, neno lilelile kwa kila siku ambayo Mama Pasi hakuingia: "Nipo." "Nipo." "Nipo."

"Nimekuja," Mama Pasi akaandika.

Ngao akaruka juu kwa furaha.

"Tabibu! Nilidhani nitazimika nikikungoja. Muda umekwisha, acha niseme. Nilikuwa dalali wa mnadani. Sauti yangu ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikiita mtu anasikia mpaka barabara ya pili. Nikapata uvimbe kooni. Madaktari walinipa uhai, wakachukua sauti. Mchumba wangu akasema hawezi kuishi na redio iliyozimwa. Humu Bondeni ndimo mahali pekee ambapo sikuwa bubu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba kitu kimoja tu. Na ndicho sina."



"Mwombe namba!" Chiriku akamsukuma bega. "Namba ya simu, haraka!"

"Haiandikiki. Ukiandika namba humu zinageuka nyota, hawataki watu tutapeliane."

Kumbe Ngao naye alikuwa anawaza hilohilo. Akaandika: "Hesabu ninavyoruka. Nikikaa chini, ni sifuri."

"Kalamu!"

Chiriku akamrushia ile kalamu ya wino mweusi ya kuandikia majina ya wodi kwenye nguo. Mama Pasi akavuta foronya iliyokuwa karibu. Mpiganaji wa kifua kipana, aliyeua madubwana, akakaa chini kama mtoto. Akainuka, akaruka, akaruka, akatulia.

"Sifuri... saba," Chiriku alihesabu kwa sauti. "Nne. Usinichanganye, nahesabu mimi! Kakaa tena. Sifuri."

Mama Pasi anaandika, Ngao anaruka. Ikabaki namba moja ya mwisho. Kabla Ngao hajaionyesha, Bonde likawa jeupe. Daraja, kibanda, magunia, vyote vikapotea. Kwenye kioo yakabaki maneno matatu tu: "Asanteni kwa kucheza."



"Imekosekana moja," Mama Pasi akasema. Akakaa juu ya rundo la shuka, foronya imemlalia magotini. "Moja tu, Chiriku."

"Basi hazizidi kumi. Tutazijaribu zote, kwani tunakwenda wapi? Andika meseji: wewe ni Ngao?"

"Hapana. Kwenye meseji mhuni yeyote atajibu ndiyo ni mimi. Nitapiga."

"Unampigia mtu asiye na sauti?"

"Ndiyo maana nampigia."

Akaanza na sifuri. Haikupatikana. Akaweka moja.

"Haloo! Kama ni habari ya kuku, wamekwisha!" likaja jibu, hata salamu hakuna.

"Samahani, kaka."

Akaweka mbili. Akapokea mwanamke.

"Unamtaka mume wangu wa nini?"

"Simtaki, dada. Nimekosea namba."

"Wote mnasemaga hivyohivyo!"

Chiriku alijiziba mdomo na foronya asicheke. Mama Pasi hakucheka. Akaweka tatu. Simu ikaita mara moja tu, ikapokelewa.

Hakuna haloo, hakuna nani mwenzangu. Ilikuwepo pumzi tu, nzito, yenye mluzi kwa mbali, pumzi ya mtu aliyekuwa akikimbia kwa muda mrefu.

Mama Pasi akasimama. Kwa miaka aliyokaa peke yake alikuwa ameuchukia ukimya: ukimya wa chai inayopoa, wa kitanda kilicho baridi upande mmoja. Huu ulikuwa na mtu ndani yake.

"Kama ni wewe," akasema taratibu, "gonga."

Kwenye simu ikasikika kucha ikigonga kioo. Ko. Ko.

Chiriku akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti kuliko mwenye jambo lake.

"Mimi siyo yule binti mwenye joho jeupe wa mchezoni," Mama Pasi akasema. "Ni mama mtu mzima. Mikono yangu imeungua na pasi, nina mvi, na jioni kama hizi huwa naongea peke yangu kama mwendawazimu. Umenisikia?"

Ko.

"Na bado unanitaka?"

Ko, ko, ko, ko, ko, mpaka Chiriku akasema huyo atavunja simu.

Mama Pasi akacheka. Akajifuta uso kwa foronya yenye namba, wino ukamwachia doa shavuni. Akavuta pumzi, akauliza kama alivyokuwa akiuliza kila jioni, ila safari hii kwa sauti yake mwenyewe:

"Haya, mgonjwa wangu. Leo umeumia wapi?"

Kucha ikanyamaza. Baada ya kitambo, simu ikatetemeka sikioni kwake, ujumbe umeingia. Akaishusha, akarekebisha miwani, akasoma:

"Popote utakapoangalia. Ila njoo uangalie kwa macho yako, Tabibu. Mimi nipo, nimesimama."