Madoa Mawili kwenye Gauni Jeupe

Kila asubuhi saa moja, Mzee Pasi hufungua duka lake la dobi. Huwasha mkaa, huutia ndani ya pasi, kisha huanza kunyoosha mashati. Watu wengine wana redio. Yeye ana pasi, na huongea nayo. "Haya, twende," huiambia. "Kola kwanza." Pasi haijawahi kumjibu, lakini angalau haibishani naye.

Jina hilo la Pasi alipewa na wateja, likamganda. Chumba chake cha kazi kina meza mbili. Ya karibu na mlango ni yake, ya kupigia pasi. Ya chini ya dirisha ilikuwa ya mke wake. Kwa miaka thelathini na moja, mke alitoa madoa na mume alipiga pasi. Walikuwa na sheria moja: hakuna kugusa kazi ya mwenzako. Mzee akisogelea meza ya madoa, mkewe alimfukuza kwa kitambaa kibichi, nao wakacheka.

Mke alifariki mwaka jana. Mezani pake pamebaki makopo sita ya dawa za madoa, yasiyo na maandishi. Yeye aliyajua yote kwa kuyatazama tu. Mzee Pasi hajui hata moja. Kwa hiyo kila doa analimwagia dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Nguo nyingine zilipauka, nyingine zilitoboka. Wateja wakaanza kupotea mmoja mmoja bila kuaga. Jioni mzee anapika chakula cha watu wawili, kwa mazoea, kisha anakula peke yake. Hakuwa na wa kumwambia upweke wake.

Jumatano, binti yake anayeishi mji mwingine alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, Jumamosi ndiyo harusi yangu. Nataka kuvaa gauni la mama, lile jeupe la pamba. Lipo?"

"Lipo."

"Ni safi?"

"Safi kabisa," alijibu. Alikuwa hajaligusa tangu msiba.

"Nakuja kulichukua Ijumaa. Sina kitu kingine cha mama, baba."

Mzee alikata simu, akaenda nyuma ya mlango wa chumbani. Gauni lilikuwa limening'inia kwenye msumari. Alilisogeza kwenye mwanga. Begani palikuwa na doa la kahawia. Msumari ulikuwa umeshika kutu, na kutu imeingia kwenye nguo. Mfukoni palikuwa na doa jingine, la njano, la mafuta. Hili alilijua. Siku ya mwisho kulivaa gauni hilo, mkewe alikuwa anaitia cherehani mafuta. Alijifuta mfukoni bila kufikiri. Alama za vidole vitatu zilikuwa bado zinaonekana.

Alilipeleka gauni dukani. Akamimina klorini kwenye beseni.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yake, mwanamke mmoja mstaafu. Alitunza maabara ya shule kwa miaka mingi, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Maabara. Naye aliishi peke yake. Alikuja kuchukua shuka lake.

"Karibu," alisema mzee bila kugeuka.

"Unafanya nini, jirani?"

"Natoa madoa."

"Madoa ya nini?"

"Doa ni doa, Mama Maabara."

Mama Maabara alilitazama bega la gauni. "Usiliweke humo! Ukilitia klorini doa la kutu, unalikaza. Hilo litakaa hapo mpaka gauni liwe tambara."

Mzee Pasi aliketi. "Marehemu alijua haya yote," alisema. "Nimeishi naye miaka yote hiyo, na sikumwuliza hata siku moja. Sasa nitamharibia mtoto nguo ya mama yake."

Mama Maabara hakumpa pole. Hakuwa mtu wa maneno laini. Alisema, "Lete sukari kidogo, chumvi kidogo, na vijiko viwili vikuukuu vya chuma."

Walitoka nje, penye jiko la mkaa. Walitia sukari kwenye kijiko kimoja na chumvi kwenye kingine, wakavishika kwa kitambaa kinene juu ya moto. Sukari iliyeyuka, ikawa ya njano, kisha ya kahawia. Ikafuka moshi. Mwisho ikawa nyeusi tii. Chumvi ilipasuka pasuka kidogo, lakini ikabaki nyeupe.

"Umeona nini?"

"Sukari imegeuka mkaa," alisema mzee. "Chumvi imenidharau."

Mama Maabara alicheka. "Ule weusi ni kaboni. Sikiliza. Kila kitu unachokigusa kimeundwa kwa kemikali, hata maji, hata wewe mwenyewe. Tunazigawa makundi mawili. Kundi la kwanza uti wake wa mgongo ni kaboni, na mara nyingi kaboni hiyo imeshikana na haidrojeni. Hizo ni kemikali za kikaboni. Sukari, mafuta, wanga, sabuni, pamba ya gauni hili. Nyingi zimetoka kwa mimea na wanyama, na nyingi huungua."

"Na kundi la pili?"

"Zisizo za kikaboni. Chumvi, maji, mchanga, chuma, kutu."

"Hizo hazina kaboni hata kidogo?"

"Nyingi hazina. Chache zinayo, kama mawe ya chokaa. Lakini kaboni yake imejipanga vingine, kwa hiyo wataalamu wameziweka kundi hili la pili."

Mzee Pasi alifikiri. "Kwa hiyo zile za kikaboni, zinazotoka kwa mimea, ndizo salama?"

"Hapo ndipo wengi wanapoteleza! Mafuta ya taa ni ya kikaboni. Utayanywa? Plastiki pia ni ya kikaboni. Utaila? Na chumvi si ya kikaboni, nawe unaila kila siku. Kundi halikwambii kama kitu ni sumu. Linakwambia kimeundwaje. Na usije ukachoma kila unachokiona ili kujua kundi lake. Plastiki na dawa zikiungua zinatoa moshi mbaya."

"Sasa madoa yangu?"

"Mafuta ni ya kikaboni. Maji peke yake hayayawezi. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kwa hiyo inayavuta yakatoka. Kutu si ya kikaboni. Ni chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni na maji. Sabuni itaipapasa tu. Kutu inataka asidi. Limau linatosha."

"Limau ninalo!"

Mzee alikimbia ndani, akakata limau, akalielekeza juu ya beseni. Mama Maabara alimdaka mkono.

"Siyo humo! Humo mna klorini! Klorini ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu. Inaunguza mapafu. Usizichanganye kamwe, hata kwa kusafishia choo."

Mzee alirudi nyuma. Walifungua dirisha. Wakaimwaga ile klorini na kulisuuza beseni mara tatu kwa maji mengi. Ndipo walipolowesha bega la gauni kwa maji ya limau na chumvi, wakalianika juani. Baada ya saa moja walilisuuza. Doa lilikuwa limefifia. Walirudia. Mara ya pili, bega likawa jeupe.

"Bado la mfukoni," alisema Mama Maabara. "Hilo ni rahisi. Sabuni na maji ya vuguvugu, dakika kumi."

Mzee Pasi aliufunika mfuko kwa kiganja. "Hili liache."

"Kwa nini?"

"Ni vidole vyake."

Mama Maabara akasema, "Mume wangu aliacha miwani juu ya meza. Sijaisogeza kwa miaka minne. Sifuti hata vumbi."

"Imekusaidia?"

"Hapana." Alichukua shuka lake. "Sabuni iko pale. Utaamua mwenyewe."

Usiku huo mzee hakulala vizuri. Asubuhi ya Alhamisi aliketi kwenye meza ya mkewe kwa mara ya kwanza. Aliweka vidole vyake vitatu juu ya zile alama. Vyake vilikuwa vinene, havikuenea. Alilia, na hakujificha, maana hakukuwa na mtu wa kumficha machozi. Kisha alipaka sabuni, akasugua polepole, akasuuza. Alama zilififia, zikaisha. Gauni lilikuwa safi, na chumba kilikuwa kimya kuliko siku zote.

Binti yake alifika Ijumaa, akalivaa palepale dukani. Lilimkaa vizuri. Baba yake aliinama, akamnyooshea pindo.

"Asante, baba," alisema binti. Akamkumbatia kwa muda mrefu.

Baada ya harusi, Mama Maabara alikuja kumsaidia mzee na makopo. Waliyoyatambua waliyabandika karatasi zenye majina. Mawili hawakuyatambua. Hawakuyanusa, hawakuyaonja, wala hawakuyamwaga mtaroni. Waliyapeleka ofisi ya afya.

Siku hizi mteja akileta nguo, Mzee Pasi huuliza kwanza, "Doa la nini?" Mafuta ya kupikia, sabuni. Kutu, limau, mbali na klorini. Akiona nguo ya rangi, hujaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Wateja wameanza kurudi.

Juzi mwanamke mmoja, mteja wa miaka mingi, alilikunjua shati lake mlangoni. Alilitafuta doa, hakuliona.

"Mzee, hii ni kazi ya mkeo kabisa," alisema.

"Ni yake," alijibu mzee. "Mimi naiendeleza tu."